Fundi Aliyekataa Majina ya Vitu

Nilimfahamu Fundi kwa sababu ya kengele ambayo sikuipata.

Nilikuwa katekista wa hospitali ya misheni hapa Kitale. Kila Jumapili saa tatu nilisalisha wagonjwa katika chumba kidogo mwisho wa wodi ya wanaume, na walikuja wachache, wengine wakiwa wale wale wa Jumapili iliyopita kwa sababu mguu haukuwa umepona. Nikawaza, hapa inakosekana kengele. Nikazunguka nyuma ya jengo la kufulia hadi karakana, nikamkuta mtu mfupi mwenye koti refu, ameinamia mashine ya kuvuta makohozi kana kwamba inamwambia siri. Nikamwomba anitengenezee kengele ndogo.

"Usinitajie kengele," akasema bila kuinua kichwa. "Niambie unataka nini kifanyike."

"Nataka watu waitwe."

"Watu gani?"

"Wagonjwa."

"Wanajua leo ni Jumapili?"

"Wanajua."

"Wanajua unasalisha saa tatu?"

"Wanajua, Fundi."

"Basi hao wameshaitwa. Iko kitu ingine wanakosa. Enda uwaulize."

Nilitoka pale nimekasirika kikristo, yaani kimyakimya. Lakini nikaenda. Wa kwanza akaniambia hawezi kutembea, na hilo ningeliona mwenyewe kama ningetazama. Wa pili akasema suruali aliyoletwa nayo ilikatwa kwa makasi siku ya ajali, na hawezi kusimama mbele za Mungu akiwa na shuka. Wa tatu akasema, "Katekista, hujawahi kufika hapa kitandani. Nilidhani sala ni za wenye nguvu." Tangu siku ile nimesali kitanda kwa kitanda, miaka kumi na saba. Nilienda kuomba kengele nikarudi na kazi ya maisha. Namshukuru Mungu kwa hilo, na magoti yangu yanamlaumu Fundi.

Sitasema alizaliwa wapi wala nani alimzaa. Nitasema tu kwamba alikuwa mtu wa upande wa Bungoma, kwamba alitengeneza vifaa vya wagonjwa, na kwamba ndani ya imani yetu kubwa alikuwa na imani nyingine ndogo ya kwake: kitu chochote cha kumsaidia mgonjwa lazima kianze kama kitenzi. Jina la kitu lije mwisho, likija. "Ukisema kitanda," alikuwa akisema, "umeshalala. Huwezi tena kufikiria."

Alikuwa na karatasi kubwa za kaki, aina ile ya kufungia sukari zamani, alizozibandika ukutani mwa karakana. Juu yake aliandika kazi za kitu kabla kitu hakijawako, kila kazi kwa maneno mawili na si zaidi, kitenzi na jina. Akisogea kulia aliuliza "vipi?" Akisogea kushoto aliuliza "kwa nini?" Alinifundisha kwa kile chuma cha kutundikia dripu. Kazi yake? *Inua chupa.* Kwa nini? *Teremsha maji.* Kwa nini? *Rudisha nguvu.* Haya, rudi: inua chupa, vipi? Kwa chuma, au kwa msumari ukutani, au kwa shemeji mrefu. Siku hiyo hospitali ilikuwa na vyuma vitano vilivyovunjika na barua ndefu ya kuomba vingine. Fundi akapigilia misumari kumi na miwili katika wodi, na barua ile wakaitumia kuwashia jiko la chai.

Kazi alizigawa mafungu. Kulikuwa na kazi kuu, ambayo ikikosekana kitu hakina haja ya kuwako. Kulikuwa na kazi saidizi. Na kulikuwa na zile ambazo kitu hufanya bila kuombwa, alizoziita kwa maneno mengi hadi mimi nikampa jina: kazi haramu. Alilipenda mno. Kitanda chenye magurudumu, kazi kuu, *sogeza mgonjwa*. Kazi haramu, *amsha wodi*. Alikuja kunitafuta kanisani siku moja kunieleza kwamba sindano ina kazi haramu tatu, na zote tatu ni *tisha Fundi*.

Hilo lilikuwa kweli. Mtu aliyekaa hospitalini maisha yake yote aliogopa sindano kuliko nyoka. Siku ya chanjo walimshika wauguzi wawili, mmoja kila upande, naye akiwa amefumba macho anauliza kwa sauti nyembamba, "Mmeshaandika kazi za hiyo kitu? Karatasi iko wapi?"

Katika vikao vyetu vya karakanani, yeyote aliyetaja kitu au malighafi kabla kazi hazijaisha kuandikwa alitozwa adhabu: alisimama akaimba ubeti mzima peke yake. Hakukuwa na msamaha kwa cheo. Msimamizi wa hospitali, mtu mnene mwenye tai, alikuwa na sauti kama ya mlango wa ghala, na hakuweza kukaa dakika tano bila kutaja stima, yaani umeme. Tulijifunza nyimbo zake zote kwa mateso. Kuna Jumatatu moja wagonjwa wa wodi ya karibu walituma mtu aulize kama kuna msiba.

Kwa mke wake, imani hii ndogo haikupata mwongofu. Nilikuwa nyumbani kwao siku mama huyo alipomwambia anataka jiko jipya.

"Usiniambie jiko, mama," akasema Fundi akijinyoosha kitini. "Nipe kitenzi."

Mama akaweka sufuria chini polepole. "Na wewe mzee, nikikuandika kwa hiyo karatasi yako, kazi yako ni gani?"

"Mimi?"

"Si uko hapa. Ama wewe ni msumari?"

Fundi akanitazama kuomba msaada. Mimi nilikuwa nikisoma kalenda ya ukutani.

"*Pasua kuni*," akasema mama. "Ni maneno mawili. Nimehesabu."

Akaenda akapasua. Na jiko likanunuliwa bila karatasi.

Mimi pia Fundi alinipitia. Baada ya ibada moja alinisubiri nje akaniuliza mahubiri yangu yalikuwa na kazi ngapi. Nikajibu kwa fahari kwamba tatu, kama nilivyofundishwa: kuonya, kufundisha, kufariji. Akasema, "Ile ya kuonya ilimaliza wakati wa zile zingine. Wachagulie moja." Jumapili iliyofuata nilifariji tu, nikamaliza kwa dakika tisa. Watu walimshukuru Mungu kwa furaha ambayo sikujua wanayo.

Msidhani lakini kwamba aliishi kama alivyohubiri. Koti lake lilikuwa na mifuko kumi na mmoja, na mmojawapo ulishonwa ukafungwa pande zote. Nilimuuliza kazi yake ni nini. Akafikiri sana, akaugusa, akasema, "*Furahisha mwenyewe*." Baiskeli yake ilikuwa na kengele tatu, yeye aliyeninyima moja. Na hakuweza kutupa kitu. Karakana yake ilijaa mirija, springi, vifuniko na vipande vya vipima joto, vyote vikingoja kitenzi, kama wafu wakingoja ufufuo.

Sasa nifike kwa jambo ambalo kwa ajili yake naandika.

Muuguzi mkuu wa zahanati moja upande wa Kachibora alikuja kwetu asubuhi ya mvua. Yeye ni mtu wa Sirisia, mcheshi, na kama wengi wa kwao *l* na *r* kwake ni mapacha, hutuma huyu mahali pa yule. Sitamwigiza. Nitaandika maneno yake sawasawa, isipokuwa pale ambapo herufi yenyewe ndiyo habari. Tulimwita Sista, kama tunavyowaita wote.

Alikaa karakanani, akakataa chai, akatuambia. Kule kwake amezaliwa mtoto wa kike, miezi miwili kabla ya wakati. Yeye mwenyewe alimfunga blanketi mbili na leso, akampakata garini kuja Kitale. Barabara ilikuwa tope, wakachelewa. "Tulimfunika vizuri," akasema. "Nataka mjue tulimfunika vizuri. Na alifika baridi kama bakuli. Hakuona saa sita." Kisha akasema kwamba si huyo peke yake, na kwamba mvua zitakuja tena. "Tunataka sanduku la joto."

"Wimbo," akasema Fundi kwa upole.

"Wimbo gani?"

Tukamweleza adhabu. Nilidhani atakasirika, maana alikuwa ametoka kutuambia habari ya kifo. Sista alimtazama Fundi kwa muda, akasimama, akaimba. Alikuwa na sauti ambayo ingemtoa deni mtu asiyedaiwa. Alipomaliza, macho yalikuwa mabichi pande zote, na Fundi akasema, "Sista, wewe endelea tu kukosea."

Karatasi ikabandikwa. Kazi kuu, *tunza joto*. Vipi?

"Kwa stima," akasema Msimamizi, akasimama mwenyewe kuimba bila kuambiwa. Tulivumilia.

"Na stima ikipotea?" akauliza Fundi.

"Kwetu inapotea siku ya mvua," akasema Sista, "na watoto wanakuja siku hiyo hiyo."

"Basi tuulize. Hapa duniani, nani anatunza joto la kitoto bila stima?"

Nami, kwa kuwa nimefuga tangu utoto, nikasema, "Kuku."

Walicheka hadi Msimamizi akalegeza tai. Niliimba adhabu yangu. Lakini Fundi hakucheka sana. Alisimama mbele ya karatasi akiwa na kalamu. "Kuku anafanya nini hasa? Anafunika?"

"Hafuniki tu," nikasema. "Blanketi hufunika. Kuku anagusa."

Akaandika *Gusa ngozi.* Sista akapiga paja lake. Alijua hilo, alisema, wanalifundisha kila siku: mtoto wa hivyo awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi. Lakini mama aliyejifungua vile mara nyingi yeye mwenyewe yuko kwenye dripu, na garini watu huogopa kukishika kitoto hicho kidogo, hukifunga matambara wakakiweka mapajani kama mkate. Basi kazi hiyo, akasema Fundi, ifanywe na yeyote mwenye kifua. Baba. Nyanya. Shangazi. Na hapo sanduku likafa mbele ya macho yetu, bila kuzaliwa. Tulichohitaji kilikuwa nguo: nguo ya kuvaa mtu yeyote, imshike mtoto ngozi kwa ngozi huku mikono ikiwa huru. Nilisisimka mwili mzima. Nimeona watu wakiokoka, na hata huko kuokoka hakukulishinda hili kwa mbali.

Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa nakala safi, kwa sababu ya mwandiko wangu na kwa sababu ya Kiswahili changu. Hapa lazima nikiri. Watu wa nyumba yetu walihamia Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati, na sisi pia *l* na *r* hutusumbua. Lakini mimi nilitibiwa utotoni na mwalimu wa katekisimu, kwa fimbo, na tangu hapo nimekuwa na majivuno ya mtu aliyepona.

Swali la mwisho Fundi alimuuliza Sista: "Ukiwa kwa gari na mtoto, unataka hii nguo ikufanyie nini wewe?"

Sista akasema, "Inijurishe hari ya mtoto."

Nikaandika, kwa mwandiko mzuri sana: *Julisha hari.*

Sista akarudi kwake. Jioni Fundi alisimama mbele ya nakala yangu. "Katekista, hii hari ni nini?"

Mtu mwingine yeyote wa Kitale angesema, aka, hiyo ni hali imeandikwa vibaya. Mimi nilivua miwani. Nikamweleza kwamba hari ni joto, neno zuri la kale, lipo katika Maandiko ambapo vibarua wanalalamika juu ya jua la mchana. Nilizungumza muda mrefu. Fundi alinisikiliza kwa heshima, akasema, "Sista amesoma sana."

Akashona kwa wiki tisa. Alishona mwenyewe, kwa cherehani ya mkewe, na mkewe akisema kwamba sasa ameiona kazi ya mume. Ilikuwa nguo nzuri. Kifua laini, mikanda inayofungwa hata na mtu anayetetemeka, kofia iliyoshonwa humo humo, na kifuniko cha juu kilichomfunga mtoto kuanzia utosi hadi vidoleni, kwa sababu kichwa ndicho hupoteza joto. Na juu ya kifuniko, kidirisha kidogo chenye kibandiko kinachobadilika rangi: kijani, mtoto ana joto la kutosha. Nyekundu, hana. *Julisha hari*, imetimia.

Siku ya jaribio Sista alikuja. Mtoto alikuwa pakiti ya unga ya kilo mbili, ambayo Fundi aliipunguza mpaka ikafikia uzito wa mtoto wa mapema, akaichorea macho. Msimamizi ndiye aliyevaa. Fundi aliupasha unga joto kwanza, akamfungia, na Msimamizi akazunguka uwanja wa hospitali mara sita, anatabasamu kama bibi harusi, unga ukimwagikia tai yake kidogo kidogo. Wagonjwa walipiga makofi madirishani. Kibandiko kilikuwa kijani kama majani ya mahindi.

Sista alimfuata, akachungulia kidirisha. "Ni kijani," akasema.

"Ni kijani!" akasema Fundi.

"Na huyu mtoto anapumua?"

Fundi akacheka. "Sista, si ni unga."

"Najua ni unga, bana. Lakini mimi nauliza. Amegeuka bluu? Pua imezibwa? Nikichungulia hapa naona kijani. Mtoto mwenyewe simuoni."

"Kijani ni hari yake. Kibandiko kinajulisha hari."

"Hiyo ni joto."

"Ndiyo. Hari."

"Si joto, Fundi. Hari. Hari! Mtu akikuuliza, u hari gani? Unamwambia, mimi ni mzima, ama mimi ni mgonjwa. Ati mtu akikuuliza hari unamwonyesha rangi ya kijani?"

Wote wakageuka kunitazama mimi.

Ninaweza kusema ardhi ilifunguka, lakini haikufunguka; ingefunguka, ningeshukuru. Msimamizi ndiye aliyeanza, kicheko kutoka tumboni, unga ukiruka, kisha Sista, kisha mimi mwenyewe, nikishika ukuta. Miaka sitini ya Kiswahili safi, na nilikuwa nimemwandikia mtoto mchanga jua la mchana la vibarua.

Fundi hakucheka. Alikwenda kwa Msimamizi, akafungua kifuniko, akautazama ule unga uliochorwa macho. Chini ya kifuniko, pakiti ilikuwa imeteleza, macho yamezama kifuani pa Msimamizi. Akaiinua. "Angefika na joto," akasema taratibu. "Joto kabisa. Na angekuwa amekufa."

Kicheko kikaisha. Sista alikuwa na mkono mdomoni. Nilijua anamwona nani.

Nilimwomba Fundi msamaha pale pale uwanjani. Nilitaka kusema mengi. Akanikatiza. "Katekista, andika zote mbili. Moja chini ya nyingine." Nikaandika hapo hapo juu ya goti, *Julisha hali*, kisha *Julisha hari*. Akazisoma, akatikisa kichwa. "Tulikuwa tumeomba moja. Tumepewa mbili. Hatukatai." Kisha akatoa wembe mdogo na kukifumua kifuniko chake cha wiki tisa, uzi kwa uzi, mbele yetu, huku akiuliza maswali. Uso utazame wapi? Kando. Kidevu kikae vipi? Kimeinuka, kisiangukie kifua. Mwenye kuvaa aone nini bila kuinama? Midomo.

Kwenye fungu la kazi haramu, palipokuwa na *chubua ngozi* na *dondosha mtoto*, aliongeza kwa herufi kubwa: *Ficha uso*.

Tangu siku hiyo aliweka sheria mpya. Kitenzi kisikubaliwe kwa kutamkwa tu, kiigizwe kwa mwili, ili masikio ya watu wa milima hii yasitudanganye. Tulikuwa wazee na watu wa vyeo, tumesimama karakanani, mmoja anapumua kama mtoto mchanga, mwingine anateleza, mimi nikiwa kuku. Nasema bila haya kwamba sijawahi kuwa na furaha ya namna ile nje ya kanisa, na ndani yake mara chache.

Nguo ilishonwa upya, ikakaguliwa na wakubwa wa kaunti, ikajaribiwa hospitalini kwa watoto waliokwisha kupata nguvu kidogo, ikarudishwa, ikarekebishwa mkanda mmoja, ikakubaliwa. Wakati huo Fundi alikuwa amestaafu na kurudi kwao, upande wa Bungoma. Ya kwanza ikatundikwa zahanatini kwa Sista, na mvua zikaanza.

Hapo kukawa na ugumu ambao sikuuona katika kitabu chochote cha sala. Fundi alimpigia Sista simu kila asubuhi. "Bado?"

"Bado."

"Hakuna hata mmoja?"

"Fundi, unataka niombe watoto wazaliwe kabla ya siku zao?"

Akanipigia mimi. "Katekista, tunaomba nini hapo?" Nilifikiri usiku kucha. Nikamwambia: tuombe isihitajike, na ikihitajika, itoshe. Akasema hiyo ni sala ya kazi mbili, lakini ataisali.

Nilikwenda kumwona mwezi uliopita. Nilimkuta kibarazani, mwembamba kuliko nilivyomwacha, sikio la kulia limekufa. Mkewe aliniletea uji na kuninong'oneza kwamba halali vizuri. Si ugonjwa. Ni ile nguo. Kila mvua ikinyesha anakaa macho, anasema ameona mahali pengine panapoweza kukosea.

"Mshono wa shingo," akaniambia kabla ya salamu. "Nimeota umeteleza."

"Umekaguliwa, Fundi."

"Na ile hari nayo ilikuwa imeandikwa vizuri."

Tukakaa tunatazama mvua ikipiga migomba. Saa tano simu ikalia. Alikuwa Sista. Fundi hakuweza kumsikia kwa sikio lile, nikaiweka simu isikike na wote.

"Niko Kitale," akasema Sista. Nyuma yake palikuwa na kelele za watu wakibishana. "Niko hospitalini. Tumefika sasa hivi. Mvulana, amekuja wiki saba kabla ya siku zake. Mama yake yuko kwa dripu. Nyanya yake ndiye amevaa Fundi."

"Amevaa nani?" akasema Fundi.

"Fundi. Si hivyo ndivyo tunaiita huku. Leta Fundi, osha Fundi. Watu walikosa jina."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha sahani. Alijifunika nacho uso.

"Mtoto," akasema Fundi.

"Mtoto ana joto. Nimepima mara mbili. Njia nzima nilikuwa namwona midomo. Mara moja kichwa kilianza kuanguka, nyanya akaona mwenyewe kabla yangu, akamwinua kidevu. Sasa shida iko hapa."

"Shida gani?" tukasema wote watatu.

"Daktari anataka kumpima, nyanya amekataa kumtoa. Sikia."

Tukasikia sauti ya kijana, ya adabu, ikisema, tafadhali mama, ni dakika moja tu. Na sauti ya bibi, kubwa, ya mtu aliyelima maisha yake yote: "Daktari, mtoto amelala. Wewe hukufundishwa? Simama hapo kando, akiamka nitakuita."

Nilicheka mpaka uji ukamwagika. Fundi alikuwa ameinama, sikio lake lililo zima limekaribia simu hadi kuigusa.

"Sista," akasema. "Nisogezee."

"Nikusogezee nini?"

"Simu. Kwa mtoto."

Tukasikia viatu vikitembea, na bibi akiuliza hiyo nayo ni ya nini, na Sista akimwambia ni mzee mmoja anasalimu. Kisha hakukuwa na kitu. Mvua ilikuwa nyingi. Mkewe akaingia ndani akazima redio. Mimi nikazuia pumzi yangu, mzee wa miaka yangu, kwa hofu ya kuifunika ile ya mtoto.

Ikaja. Ndogo, ya haraka, kama mtu anayepuliza uzi upite tundu la sindano. Ikaja tena. Na tena.

Fundi akainua kidole kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu, akizihesabu. Vidole vilipokwisha akauchukua mkono wangu akaendelea.